Hina Mgongoni mwa Bassu

Nyumbu wa Sidi Amnay alikuwa na vidole vitatu. Hakuna mtu wa Ufella wala wa Wadda aliyewahi kuuliza ni nyumbu gani huyo asiye na kwato, maana mambo ya walii hayaulizwi, na anayeuliza hujibiwa kwa fimbo. Walii alipita zamani amempanda nyumbu wake, mlima ukiwa bado tope, mnyama akaacha nyayo kwenye mwamba mwekundu. Wazee wa vijiji viwili vilivyokuwa vikichinjana kwa ajili ya malisho wakakubaliana kwamba alipokanyaga nyumbu ndipo mpaka. Juu ya nyayo ni kwa Ufella, chini yake ni kwa Wadda. Mbuzi wakatulia, na wanaume nao wakatulia kadiri wanaume wa milima ile wanavyoweza kutulia, yaani si sana.

Aliyewatembeza wageni pale mwambani alikuwa Bassu wa Ufella, mume wa Izza. Kazi hiyo hakupewa na mtu, alijipa mwenyewe kwa kupenda kwake maneno. Gari likionekana bondeni alijitwika kiriba cha maji akapanda mbio, kwa kuwa nyayo kavu hazionekani jua likiwa utosini. Alizijaza maji moja moja, na mwamba mzima ukafumbua macho. Halafu akaanza uongo wake. Mgeni huyu alimwambia nyumbu alikuwa amelewa, ndiyo maana hatua zimepinda. Yule alimwambia walii alikuwa anamkimbia mama mkwe. Wageni wakicheka, Bassu alikuwa ameshiba.

Mwaka ule gharika ilikwangua udongo wa upande wa chini, zikatokea nyayo mpya. Zilijitenga na zile za zamani zikateremka moja kwa moja hadi karibu na chemchemi iliyo chini ya milozi ya Wadda. Wiki mbili baadaye akaja Daktari Ghita kutoka Rabat, mwanamke mwembamba wa suruali na kofia pana, na wanafunzi wake wawili. Siku tatu alitambaa juu ya mwamba na brashi mkononi. Kila unyayo aliuzungushia duara la chaki nyeupe na kuandika namba pembeni yake. Bassu alimsogezea mawe kwa mtaimbo na kumtafsiria, kwa kuwa Daktari alijua Kiarabu tu, lugha ya milimani hakuijua.

Siku ya tatu Izza aliwapelekea mkate wa shayiri, mafuta ya zeituni na birika la chai ya nanaa.

"Huyu bibi anasema si nyumbu," Bassu alimwambia mkewe, mdomo umejaa. "Anasema ni mjusi."

"Mjusi?"

"Mjusi mkubwa kuliko nyumba yetu. Dainosaria. Alitembea kwa miguu miwili, na hapa palikuwa ufukoni mwa ziwa."

"Mjusi mkubwa nimeshaolewa naye," Izza alisema. "Kula, uache maneno."

Bassu alitafsiri, Daktari akacheka hadi akamwaga chai. Alikuwa mwanamke wa kucheka upesi, na hilo nalo lilikuja kuwa sehemu ya msiba.

Wakiwa katika kicheko hicho, Yidir alitokea juu ya ukingo na mbuzi wake. Alikuwa kijana wa Wadda wa miaka ishirini, mrefu, mwenye kuchukulia kila jambo kama lilivyosemwa. Alisimama akayatazama maduara meupe.

"Bassu! Huyo mama wa serikali anachora nini?"

"Mpaka, mwana wa baba!" Bassu alimjibu kwa sauti. "Nyumbu wa walii alipata kiu akashuka kunywa. Kuanzia leo chemchemi ni yetu. Mkitaka maji mje na mitungi, na adabu mje nayo pia."

Yidir hakucheka. "Unatania."

"Hesabu mwenyewe! Si unaona namba?"

Yidir alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza, mpaka thelathini na nne, na ya thelathini na nne ilikuwa hatua chache tu kutoka majini. Akamtazama Daktari. Daktari, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliinua kichwa akamtabasamia na kumpungia mkono wenye chaki. Kwa Yidir ule ulikuwa muhuri wa serikali.

"Mwite," Izza alimwambia mumewe. "Mwambie umetania."

"Anajua."

"Bassu, watu wa Wadda hawajui utani wa maji. Mwite!"

Alipogeuka kumwita, kijana alikwisha teremka mbio, nusu ya mbuzi wake wamebaki kwenye majani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Bassu aliwarudisha wale mbuzi kwa mawe, akipiga miluzi, na Izza akakusanya vikombe upesi, chai ikiwa bado ndani.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka minane nyuma mume wake wa kwanza, Mimun, alipigwa na jiwe la kombeo katika ugomvi wa malisho. Hakufa pale pale. Alichukua siku mbili kufa, akimwita Izza kwa jina la mama yake, na mwishoni akawa halijui hata hilo. Izza alimwosha mwenyewe kile kichwa kilichobonyea. Alipoolewa na Bassu watu walishangaa kwamba mwanamke makini vile amemchukua domo kaya, lakini yeye alijua alichokifuata. Bassu alimchekesha wakati alipokuwa amesahau kinywa hutumikaje. Na siku ya harusi alijiapia moyoni kwamba huyu hatamzika kwa sababu ya mbuzi wala maji.

Utani ule ulifika Wadda kabla ya chakula cha jioni. Wadda wakakasirika, hilo lilitarajiwa. Ambalo halikutarajiwa ni kwamba Ufella waliupenda. Vijana waliupokea mlangoni kwa Bassu kama habari ya urithi. Mzee Haddu, mkuu wa baraza, ambaye sikio moja lilikuwa bovu na la pili lilisikia anachotaka, alipiga bakora chini.

"Kama nyumbu alishuka, alishuka. Sisi ni nani tumbishie walii?"

"Mzee, nilitania," Bassu alisema. "Nilikuwa nakula mkate, nikatania."

"Kama ulitania, mbona kuna namba?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bassu alijaribu kuwaambia watu ukweli, na hakuna aliyemwamini. Kabla jua halijazama vijana walikuwa wanaokota mawe ya kombeo kando ya mto, na akina mama walikuwa wanatwanga hina.

Si hina ya harusi. Vita vikija, wanawake wa Ufella huwafuata wanaume na mabakuli ya hina iliyokorogwa ikawa uji. Mwanamume akiwapa adui kisogo akakimbia, humwagiwa mgongoni, na hina haitoki kwenye sufu wala kwenye ngozi upesi. Aliyemwagiwa haketi tena barazani, haapi, hahesabiwi. Adui naye hampigi, maana kumpiga ni sawa na kumpiga mwanamke, na aibu humrudia mpigaji. Aliyewapanga wanawake ni Mamma Tuda, bibi mwenye meno mawili na sauti ya wanaume watatu, na yeye ndiye aliyempa Izza bakuli mkononi.

"Wewe mjane wa Mimun," alimwambia. "Unajua mwanamume hufaje. Usimhurumie yeyote."

"Sitamhurumia, mama," Izza alisema.

Watu wa Wadda walikuja kesho yake saa nne asubuhi, hamsini au zaidi, wameshika sururu na nyundo za kupasulia mawe, makombeo viunoni. Nia yao ilikuwa rahisi, na ukiitazama vizuri haikuwa ya kijinga. Unyayo ukivunjwa, nyumbu hakupita. Nyayo za zamani wasingezigusa, hizo ni za walii. Wangezisaga hizi mpya tu, thelathini na nne, kisha warudi kwao wakanywe maji yao.

Daktari Ghita alikuwa amepiga magoti penye namba kumi na tisa. Alipoona sururu ya kwanza ikipasua namba moja alipiga ukelele, akawakimbilia akiwa ameinua mikono, akawasemesha Kiarabu cha mjini ambacho wengi wao hawakukielewa. Walimsukuma. Akarudi akajilaza kifudifudi juu ya namba kumi na tisa kama kuku aliyefunika vifaranga. Wanafunzi wake wakakimbilia gari.

Wanaume wa Ufella walikuwa wanashuka. Jiwe la kombeo halisikiki likija, husikika likifika. La kwanza lilitoka kwa Wadda, likamfikia Moha wa Ufella, mtoto wa fundi wa kinu, mdomoni. Alitema meno kiganjani akayatazama kama mtu anayetaka kuyahesabu, halafu la pili likamkuta jichoni. Kisha wakakutana, na mawe yakawa hayana kazi tena. Ikawa nyundo na mundu na vichwa. Mtu wa Wadda alipigwa nyundo ya goti, mguu ukakunjika kwenda mbele, mahali ambapo mguu haukunjiki. Mwingine alikuwa anapigana huku sikio limeninginia shavuni. Hawa walikuwa watu waliouziana ndama, waliooana, waliozikana. Vumbi jekundu lilipanda, na ndani yake mlisikika miguno tu, kama wanaume wanaopakia magunia. Namba ishirini na mbili ilijaa damu ya mtu ikamwagikia ishirini na tatu.

"Nani anageuka?" Mamma Tuda alipaza sauti nyuma ya vigelegele. "Nani anamtafuta mama yake? Mama yake niko hapa na bakuli!"

Izza hakupiga vigelegele. Alimtafuta Bassu kwa macho, akampata chini kabisa, mbali na wenzake, penye namba kumi na tisa. Alikuwa na ule mtaimbo wa kusogezea mawe. Izza akashuka mbio, bakuli limebanwa kifuani.

Yidir alikuwa amemkamata Daktari nywele anamburuta kutoka juu ya unyayo. Daktari alimng'ata mkono. Yidir akampiga kwa mpini wa sururu, mkono wa Daktari ukalia mlio wa kuni kavu, naye akazimia.

"Yidir, nilitania!" Bassu alikuwa anapiga kelele, machozi yanamtoka. "Wallahi nilitania! Mwache huyu mama, nilikuwa natania!"

"Sasa taniana na hii," Yidir alisema, akazungusha sururu.

Ncha ilipasua joho la sufu la Bassu na ngozi ya mbavuni pamoja. Bassu akapiga mara moja tu, juu ya sikio. Mtaimbo ni chuma cha kilo nyingi, na kichwa cha kijana ni kichwa. Yidir aliketi chini, kama mtu aliyechoka, akamtazama Bassu kwa mshangao, kisha akainama polepole mpaka uso ukaingia kwenye namba kumi na tisa. Mguu mmoja ulipiga mwamba mara nne, tano, ukaacha.

Hakuna aliyeona. Daktari alikuwa hajitambui, wengine wamemezwa na vumbi. Aliyeona ni Izza peke yake, hatua kumi nyuma ya mumewe.

Kuna kitu kinachomwingia mtu akishaua. Wengine hutapika, wengine hukimbia. Bassu alinyooka. Mbele yake, kutoka kwenye vumbi, alikuwa anakuja Addi, kaka mkubwa wa Yidir, pande la mtu, na shoka la mikono miwili lililokwisha lowa. Addi hakuwa ameona aliyelala pale chini. Bassu alianza kumfuata. Hakukimbia wala hakuinua mtaimbo. Aliuburuta tu, ukichora mstari juu ya mwamba. Izza alimjua mumewe, akajua anakwenda kufanya nini. Hakuwa anakwenda kupigana, alikuwa anakwenda kupigwa.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kilio Izza alikuwa amekilia, alikijua ladha yake mpaka mwisho. Akakimbia zile hatua kumi, akamwaga bakuli zima: kisogoni, shingoni, mabegani, uji wa kijani ukateremka juu ya sufu nyeupe hadi kiunoni.

"Huyu hapa!" alipiga kelele kwa sauti ambayo hakuijua. "Huyu amekimbia! Amekimbia!"

Shoka la Addi lilikuwa juu. Aliona hina inavyotiririka kwenye shingo ya Bassu, likasita, likashuka kando.

"Ptuu!" Addi alimtemea mate usoni. "Rudi ukakande unga." Akampita kwa kumsukuma bega, akaenda kumtafuta mwanamume mwingine.

Bassu alipeleka mkono kisogoni. Alitazama vidole vyake, akageuka, akamwona mkewe na bakuli tupu. Mtaimbo ukamtoka mkononi.

Vita viliisha dakika chache baadaye, mtu alipomgeuza Yidir chali na Addi akaanza kulia kama fahali. Wadda walimbeba maiti wao wakashuka. Ufella walimbeba Moha, ambaye jicho lake halikurudi. Wanafunzi walimpakia Daktari garini wakaondoka, na hajaonekana tena upande ule. Kati ya nyayo thelathini na nne zilibaki kumi na moja.

Nyumbani Izza alimwosha Bassu jeraha la mbavuni. Yeye aliketi na joho magotini, akilisugua kwa majivu, na hina ilizidi kukolea.

"Nilikuwa naenda mbele," alisema.

"Najua."

"Naenda mbele, Izza! Mgongo ulikuwa kwako kwa sababu uso ulikuwa kwao!"

"Najua, mume wangu. Nina macho."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu yeye alikuwa na shoka, na wewe ulikuwa na majuto."

Nje watoto walikuwa wamekusanyika ukutani. "Bibi harusi!" waliimba. "Bibi harusi Bassu! Hina imekolea? Toka tuione!" Siku nyingine yoyote Bassu angetoka akacheza ngoma ya bibi harusi mbele yao, akawavunja mbavu. Sasa aliongeza majivu kiganjani akaendelea kusugua.

"Yule kijana nimemuua mimi," alisema baadaye.

"Nyamaza."

"Kwa ulimi kwanza, halafu kwa chuma. Nitasema barazani."

"Ukisema, Addi atakupiga risasi hata hujafunga mdomo. Na ni haki yake."

"Ni haki yake," Bassu alisema, taratibu, kama neno lenyewe linamponya.

Izza alilia siku ile, akambembeleza, akamshika miguu. Alimwambia kwamba hina hufifia na kaburi halififii. Bassu alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama maji ya kuoshea joho bado yapo.

Siku ya nne baada ya vita mabaraza mawili yaliketi mwambani. Damu ya Yidir haikuwa na mwenyewe, maana aliyemuua hakujulikana, na sheria ya milima ile ni moja: kila mwanamume aliyekuwa vitani huweka mkono wa kulia ndani ya unyayo mkubwa wa zamani, aape kwa Sidi Amnay kwamba damu si yake. Anayekataa kuapa ndiye. Anayeapa uongo, mwaka hauishi kabla nyumbu wa walii hajampiga teke la tumbo, na watu huonyeshana makaburi ya waliopigwa. Addi na ndugu zake wawili waliketi mbele kabisa, bunduki mapajani. Haki ya kumpiga risasi atakayekataa kuapa walipewa na mabaraza yote mawili.

Wanaume wa Ufella waliapa, mmoja baada ya mwingine, sitini na mmoja. Wote waliliogopa lile teke, lakini waliapa, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mzee Haddu alipofika penye jina la Bassu alilipita kama shimo njiani.

"Niulizeni na mimi!" Bassu alisimama. Alikuwa amevaa lile joho. Kwa makusudi, mgongo wake wa rangi ya kutu wote wanauona.

Watu walicheka. "Keti, bibi harusi," mtu alisema.

"Hina haiapi," alisema Mzee Haddu.

"Basi muulizeni aliyeimwaga! Kama ilimwagwa kwa haki, nitaketi na wanawake mpaka nife. Kama haikumwagwa kwa haki, niondoleeni, niweke mkono wangu pale kama mwanamume."

Kicheko kikaisha. Hilo lilikuwa jambo la kisheria, na Mzee Haddu alilisikia kwa sikio zima. Mwanamke wa bakuli akiapa kwamba alikosea, hina huondolewa, mtu hurudi mstarini. Addi aliinua kichwa. Alimtazama Bassu kwa muda, kisha akautazama ule mwamba penye namba kumi na tisa, na mkono wake ukahama kutoka kwenye mtutu kwenda kwenye kifyatulio.

"Izza binti Haqqi," Mzee Haddu aliita.

Alipita katikati ya wanaume. Alipiga magoti akaweka kiganja ndani ya unyayo. Ulikuwa wa baridi ingawa jua lilikuwa kali, na vidole vyake vitano havikujaza hata kimoja cha vile vitatu. Daktari alisema ni mjusi. Daktari alikuwa amesoma. Izza alimwomba yule mjusi, kama ni mjusi kweli, alale zake asimsikie. Na kama ni nyumbu, basi teke liwe la tumbo lake yeye peke yake.

"Kwa Sidi Amnay na nyumbu wake," Mzee Haddu alisema, "mwanamume uliyemmwagia hina alikuwa anakwenda mbele, au alikuwa anakimbia?"

Bassu alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Katika miaka sita ya ndoa Izza hakuwahi kumwona akimwomba yeye kitu bila kutia mzaha. Sasa uso wake ulikuwa mtupu.

"Sema kweli, mke wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Sitaki kingine. Hiyo kweli tu."

Izza alimtazama. Alimpenda wakati ule kuliko siku zote, na kwa sababu hiyo hakuyumba.

"Alikimbia," alisema.

"Izza!"

"Kwa Sidi Amnay, alikimbia. Mtu hajamgusa, alikuja kwangu anaburuta mtaimbo, analia, na nilipommwagia ndipo alipogeuka." Hilo la kulia aliliongeza ili neno lisimame. "Alisema nimfiche ndani ya shuka langu."

Mamma Tuda alikuwa wa kwanza kucheka, kisha wanawake wote, kisha wanaume wa Wadda, kisha, ambalo ni baya zaidi, wanaume wa Ufella. Addi aliitazama bunduki yake, akaifungua, akatoa risasi akaitia mfukoni.

"Ndugu yangu hakuuawa na kitu kama hiki," alisema. "Heri."

Mabaraza yakaamua kwamba damu isiyo na mwenyewe ni ya kijiji kizima. Ufella watoe malisho yao ya mashariki, chemchemi ibaki kwa Wadda kama ilivyokuwa, na mtu asizungumzie tena nyumbu alishuka au hakushuka. Wanaume walishikana mikono. Wengine walikuwa wameanza kutaniana.

Bassu alibaki amesimama mpaka wengi walipoondoka. Halafu akamsogelea Izza, aliyekuwa bado amepiga magoti, akainama sikioni mwake. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chaki sauti yake ilikuwa na mzaha wake wa zamani.

"Hukutaka kuwa mjane mara ya pili," alimwambia. "Hongera. Umekwisha kuwa."

Akashika njia ya kijijini. Watu walimpisha jinsi wanavyompisha mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, bila kumtazama. Izza aliinuka akamfuata, nyuma kidogo, macho kwenye ule mgongo mwekundu uliokuwa unapanda mlima. Ulikuwa unainuka na kushuka. Bado alikuwa anapumua.